Fundi wa Waya za Ardhini

Fundi aliogopa kupanda juu. Watu walidhani alichagua kazi ya kuzika waya ardhini kwa sababu ilikuwa na heshima kuliko ile ya nguzo, na yeye hakuwasahihisha. Lakini mimi nilimwona akipanda ngazi kufikia dari la jikoni kwangu, na kabla hajafika juu shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Vitani, huko Burma, alikuwa amelaza waya za simu za jeshi akitambaa kwa tumbo huku risasi zikimpita juu ya kofia, na hayo aliyasimulia kama mtu anayesimulia safari ya sokoni. Chini hakukuwa na kitu cha kumtisha. Hofu yake yote ilikaa juu.

Sote wawili tulikuwa watu wa upande wa Kakamega, ingawa vijiji vyetu vilikuwa mbalimbali, na tulijuana hapa Eldoret, mji ambao wenyeji wazee bado waliuita Sisibo. Mimi nilikuwa mpishi katika nyumba ya Bwana mmoja mwenye kiwanda cha mbao, ng'ambo ya mto Sosiani, upande huu ambao siku hizi unaitwa Elgon View. Nyumba zilikuwa chache, za mawe, na kila moja ilikuwa na bustani kubwa kuliko shamba la kulisha ukoo mzima kule kwetu. Stima ilikuwa imekwisha kufika mjini. Baada ya vita vya Hitler, Wazungu hawakuridhika tena na taa za ndani peke yake. Mmoja alitaka stima ipelekwe kwenye pampu ya maji, mwingine kwenye banda la kukamulia ng'ombe, mwingine kwenye nyumba ya wageni iliyojificha chini ya miti. Na hawakutaka nguzo. Nguzo na waya za kuning'inia ziliwaharibia mandhari. Kwa hiyo waya ilibidi upite chini ya nyasi, na aliyeitwa kuupitisha alikuwa Fundi.

Mtaro aliuchimba mwenyewe. Kampuni iliyomwajiri ingeweza kumpa vibarua, na mara nyingi iliwaleta, lakini aliwapa kazi ya kubeba mchanga akabaki na sururu yake. Vibarua, alisema, huchimba kama watu wanaotafuta jioni. Kwanza alitembea ile njia yote polepole, akiinama kila baada ya hatua kadhaa, akichukua udongo na kuufinya kiganjani, wakati mwingine akiunusa. Wakulima wa Kikaburu waliokuwa wakimwona kwa mara ya kwanza walidhani anatafuta dhahabu. Mtaro wake ulimmeza mtu hadi magotini. Chini alitandaza mchanga wa mtoni alioupepeta, kwa sababu jiwe lenye ncha huung'ata waya polepole kama panya. Juu ya mchanga akaulaza waya wenyewe, mnene, mweusi, wenye kunuka lami. Akaufunika kwa mchanga tena. Kisha akapanga matofali bega kwa bega, ili yeyote atakayechimba hapo siku moja, jembe lake ligonge tofali kabla ya kitu kingine. Udongo ulirudi mwisho kabisa, na baada yake nyasi, zilizokatwa vipande mwanzoni na kuwekwa kivulini zisikauke.

"Waya hauna adui leo," alipenda kusema. "Leo kila mtu anajua uko wapi. Adui yake ni yule atakayekuja kesho."

Nilimsikia akiyasema maneno hayo mara nyingi, kwa vibarua, kwangu, hata kwa Memsaab wangu ambaye hakuelewa Kiswahili chake chote lakini alitikisa kichwa kwa adabu.

Hakuwa mtu rahisi. Alikuwa na hasira za karibu. Siku moja mnyapara alimcheka kwa kupanga matofali mahali ambapo hayataonekana na mtu, naye akatupa sururu, akavaa koti lake la kaki la jeshi, akaenda nyumbani, na kazi ikalala hadi mnyapara huyo alipomfuata lokesheni, mtaa wa sisi Waafrika, kumwomba. Koti hilo alilivaa jua na mvua. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa na alisoma maandiko kwa sauti iliyofika mpaka kwa watoto waliokaa nje, lakini wimbo ulipoanza alifunga mdomo. Mkewe, mwanamke mchangamfu aliyefuma vikapu na kucheka na kila jirani, alisema mumewe aliogopa kuimba vibaya kuliko alivyoogopa kufa. Chakula chake aligawa bila kuhesabu. Maneno aliyagawa kwa uchungu.

Kitu kimoja tu kilimfanya azungumze sana, nacho ni uchawi. Hakuuamini, na hakuwavumilia waliouamini. Huku juu Uasin Gishu radi hupiga miti na ng'ombe kila msimu wa mvua, na kwetu Kakamega hupiga zaidi. Kila mtu aliyetoka kwetu amekua akisikia kwamba radi haipigi mtu bure, kwamba ina mwenyewe aliyeituma. Fundi ndiye aliyenieleza kwanza kwamba radi ni stima ile ile iliyo kwenye taa ya Memsaab, tofauti ni kwamba haina swichi. Alisimama kanisani akalisema hilo mbele ya watu wote, baada ya jamaa fulani kudai jirani yake alimtumia radi iliyoua fahali. Wazee wengine walinung'unika. Yeye alikaa chini akiwa ameridhika, kama mtu aliyemaliza kufukia mtaro vizuri.

Alikuwa na ndugu mmoja, mdogo wake, aliyemlea tangu baba yao alipokufa. Hakuna watu wawili waliotofautiana vile. Mdogo wake alikuwa na mwili mwembamba na moyo mwepesi. Alipiga mluzi akifanya kazi, akalala mahali popote, akasahau kofia kila alikokwenda. Mama yao hakutaka aje mjini. Alishakuwa na mwana mmoja anayecheza na moto wa Wazungu, alisema, na huyo alimtosha. Lakini Fundi alimwahidi kwamba kijana hatagusa waya hata mmoja. Alimtafutia kazi ya bustani pale pale kwetu, kwa Bwana wangu, na mama akakubali.

Kabla ya kijana huyo kuja, Fundi alikuwa amekwisha kutulazia waya. Memsaab alitaka taa kwenye kijumba cha bustani, karibu na mto, ambako alipenda kunywa chai na wageni wake, na taa nyingine kando ya njia ya kuteremkia huko. Kazi ilianza vizuri. Kisha katikati ya njia, karibu na ua wa kayaba, sururu ikagonga mwamba. Haukuwa jiwe la kung'oa. Ulikuwa mwamba wa kweli, mpana kama meza ya chakula, na juu yake udongo haukuzidi kiganja. Fundi alitaka kuuzunguka. Ili auzunguke ingebidi apate waya mwingine, na waya ulitoka Nairobi, na wageni wa Krismasi walikuwa njiani. Bwana alikuja akatazama, mikono mfukoni, akamwambia aupitishe juu ya mwamba tu, atakuja kuurekebisha sikukuu ikiisha.

Ningependa kusema kwamba Fundi alikataa. Aliyemjua angetegemea akatae. Lakini alisimama pale kitambo, akatazama njia iliyobaki, akainama akaupitisha juu ya mwamba, akaufunika kwa matofali na udongo mchache na nyasi. Alipokuja jikoni kwangu kunywa chai hakuizungumzia kazi. Taa za bustani ziliwaka Krismasi ile, wageni wakapiga makofi, na baada ya sikukuu Bwana hakuwa na haja ya kuchimbua bustani yake tena. Fundi aliulizia mara ya kwanza, akaambiwa asubiri. Aliulizia tena. Kisha kazi zikamzidi upande wa mashambani, na akaacha kuulizia.

Ndipo akamleta mdogo wake. Alimwonyesha kila kitu. Alimwonyesha duka la Mhindi lenye bei nzuri, njia ya kupita bila kukutana na polisi wa kuulizia vipande vya kitambulisho, kanisa, mahali pa kuoga mtoni. Hakumwonyesha mwamba ule. Baadaye aliniambia hakusahau. Alikuwa akingoja aurekebishe kwanza, ili asilazimike kumwambia mtoto aliyemlea kwamba kuna mahali alipofanya kazi mbovu.

Mvua za masika zilipokuja ziliosha udongo pale kwenye mteremko, na matofali yakachungulia. Memsaab aliyaona akayapenda. Alisema yatafaa kuzungushia kitanda cha maua. Kijana akayang'oa akayapanga vizuri pembeni, akipiga mluzi wake. Asubuhi iliyofuata, mvua ikiwa imekatika muda mfupi tu, aliingia pale na jembe la meno kulegeza udongo, miguu mitupu kwenye tope. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni nikimenya viazi. Niliona akiinua jembe. Sikusikia kitu chochote, na hilo ndilo lililonishangaza, kwamba hapakuwa na mlio. Mluzi ulikatika tu. Nilipotazama tena alikuwa amelala kifudifudi kama mtu anayetafuta kitu kwenye nyasi, na mikono haikuachia mpini.

Nilikimbia, na Memsaab kutoka verandani akapiga kelele nisimguse. Ndiyo sababu niko hai kusimulia haya. Mtu alitumwa kwa baiskeli kumwita Fundi, aliyekuwa nyumba ya pili. Alikuja mbio, akapita bila kututazama, akaenda moja kwa moja kuzima swichi kubwa, kisha akarudi akapiga magoti kwenye tope. Aliitoa mikono ya mdogo wake kwenye mpini, kidole kimoja baada ya kingine. Hakulia. Alipomgeuza alimfuta udongo usoni kwa mkono wa lile koti, akamfuta tena pale alipokwisha kumfuta.

Bwana alitoa lori la kiwanda kumpeleka marehemu nyumbani. Mimi sikwenda, kwa kuwa nyumba ilikuwa na wageni. Dereva ndiye aliyerudi akatueleza. Walifika mchana, mama akatoka nje akaliona lori, akajua. Aliuliza swali moja tu: "Ni nini kilichomuua mwanangu?"

Na Fundi, yule aliyesimama kanisani akawakemea watu, alisema, "Ni radi, mama."

Sijui kama alikuwa amelipanga neno hilo. Yeye mwenyewe alisema halikupangwa, kwamba neno lilitoka kabla hajalitazama. Mikono ya kijana ilikuwa imeungua, nyayo pia, na kila mtu kijijini alijua mtu wa radi anavyofanana. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kwa muda Fundi alijitetea moyoni kwamba hakusema uongo kamili, maana yeye ndiye aliyefundisha kwamba radi na stima ni kitu kimoja. Alizika, akakaa matanga, akarudi kazini.

Lakini radi kwetu ina mwenyewe, na mwenyewe akatafutwa. Mpakani mwa shamba la mama yao kulikuwa na mzee mmoja mjane, mwenye ujuzi wa kujua mvua. Akisema wiki hii pandeni, watu walipanda. Mwaka uliotangulia yeye na mama wa Fundi waligombana juu ya mpaka, mti wa alama ulipong'olewa, na mbele ya watu mzee akasema kwamba mvua ndiyo itakayohukumu. Maneno hayo sasa yalikumbukwa. Vijana walikwenda kwake mchana kweupe. Walichoma nyumba na ghala, wakakata migomba, wakampiga wakamvunja mkono, wakamwambia akionekana tena atazikwa. Mama wa Fundi alisimama kwenye mpaka akiangalia.

Habari zilimfikia Fundi sokoni, kwa mtu wa kwao aliyekuja kuuza kuku, na aliyezisimulia akidhani anampa faraja. Fundi alikuja kwangu moja kwa moja. Alikaa kwenye gogo nje ya jiko mpaka nikamaliza kupakua chakula cha mchana cha Bwana. Kisha akaniambia yote niliyoandika hapa kuhusu mwamba na kuhusu neno alilomwambia mama. Nilimuuliza atafanya nini. Alisema atakwenda kusema kweli, na kwamba itakuwa rahisi, kwa sababu kweli ina ushahidi.

Alichukua kipande cha waya ule ule, chenye alama ya meno ya jembe. Aliita ukoo, akaita na watu wa kanisa, akauinua waya mbele yao akaeleza: kwamba moto wa Wazungu hupita ndani ya waya huu, kwamba aliuzika yeye mwenyewe, kwamba hakuuzika vizuri, kwamba ndugu yake aliugonga. Walimsikiliza kwa heshima, maana alikuwa mtu wa heshima. Waya ulipitishwa mkono kwa mkono. Ulikuwa baridi. Mzee mmoja aliuonja kwa ulimi, akampa mwenzake. Moto gani, wakauliza, unaokaa ndani ya udongo na mvua bila kuzimika? Moto gani usiounguza nyasi iliyo juu yake? Na wewe mwenyewe ulituambia ni radi. Wapo waliomhurumia waziwazi, wakiona msiba umempanda kichwani.

Mama yake alingoja watu watawanyike. "Yule mzee amekulisha nini?" akamuuliza.

Alimwambia mama hajalishwa kitu. Mama akaingia ndani akafunga mlango. Waya ukabaki uani, na Fundi alipoondoka watoto walikuwa wakiurukia kama kamba.

Hakurudi Eldoret peke yake. Alimkuta yule mzee kwenye zahanati ya misheni, mkono umefungwa vijiti, akiwa hana pa kwenda, akamchukua. Alimweka kwenye chumba chake lokesheni, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na mkewe ndani yake. Mkewe alimwamini mumewe kuhusu waya. Nadhani ndiye pekee aliyemwamini, ukiniondoa mimi niliyeona. Lakini alikuwa akimpenda marehemu shemeji yake, na kila asubuhi kumpa maji ya kunawa mtu ambaye kijiji kizima kilisema ndiye aliyemuua kulimshinda. Alivumilia hadi mavuno. Kisha akafunga vikapu vyake akaenda kwao, na kicheko kikaondoka katika nyumba ile. Fundi hakumlaumu. Alimsindikiza hadi kwenye lori, akambebea mzigo.

Kazini alibadilika. Alianza kurudi kwenye nyumba ambako aliwahi kuzika waya, za miaka yote, akiomba ruhusa ya kuchimbua aangalie. Wengine walimruhusu, kama bibi mmoja wa Kikaburu huko upande wa Kimumu aliyemletea kahawa na mkate akakaa kwenye kiti kumtazama akichimba siku nzima. Wengine walimfukuza. Mmoja alimwachia mbwa, mwingine akapeleka mashtaka, na Fundi akalala jela kwa kuingia kwenye shamba la mtu. Kampuni ikamwonya, kisha ikamwachisha kazi. Mitaro aliyochimbua, kwa kadiri nilivyosikia, ilikuwa sawa yote. Nilimwambia hivyo nikidhani atafurahi. Alijibu kwamba angeona afadhali akute mingine mibovu.

Pale kwetu alirudi pia. Bwana, ambaye tangu siku ile hakuwahi kukaa kwenye kijumba cha bustani, alimwacha afanye atakavyo. Fundi aliutoa waya wote, akauzungusha mbali na mwamba, akafukia. Memsaab alipanda nyasi mahali pa maua. Taa ziliwaka kama kwanza. Hakuna aliyeziwasha kwa hiari.

Nilikwenda kuwatembelea mara kwa mara siku zangu za mapumziko, na nilizoea kumkuta mzee wa mvua amekaa mlangoni akiangalia anga juu ya mabati. Alikuwa mpole, mwenye sauti ndogo. Siku moja Fundi alipokuwa ametoka, mzee aliniuliza kama ni kweli kuna moto unaopita ardhini. Nikamwambia ni kweli, nilimwona kijana akianguka kwa macho yangu. Akasema Fundi naye alikuwa amempeleka mjini akamwonyesha taa zikiwaka na kuzimika, lakini yeye aliona taa tu. Kisha akatazama mkono wake uliopinda.

"Mimi nilisema mvua itahukumu," akaniambia. "Nilisema kwa hasira. Wewe una hakika gani kwamba haikusikia?"

Nilimweleza hilo Fundi, na sikupaswa. Lilimuumiza kuliko mbwa na jela. Alikuwa amepoteza mke, kazi na jina ili mtu mmoja asiye na hatia asafishwe, na mtu huyo hakujiona safi. Kwa miaka waliishi hivyo, wakila sufuria moja, kila mmoja akijiona ndiye mwenye damu ya kijana yule, na kila mmoja akikataa kumwachia mwenzake.

Fundi alipata vibarua vya hapa na pale, kuchimba vyoo, kuchimba misingi ya nyumba. Kanisani alirudi kukaa viti vya nyuma. Hakuombwa tena kusoma. Mimi nikahamia nyumba nyingine, nikaoa, nikapata watoto, na kutembeleana kukapungua kama kunavyopungua.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ilikuwa msimu wa baridi, ukungu ukiwa umekalia Sosiani tangu alfajiri. Nilisikia mzee wa mvua anaumwa kifua na hatakaa sana, nikachukua maziwa nikaenda lokesheni. Nilimkuta Fundi amekaa nje kwenye ngazi ya mlango wake, koti limefungwa hadi kooni, mikono katikati ya magoti. Alikuwa amezeeka kupita umri wake. Nilimsalimu, akaniashiria ninyamaze.

"Mama yuko ndani," akasema. "Amekuja na lori la jana. Hakuniambia anakuja."

Nilimuuliza kama mama alijua nani amelala humo. Alisema amejua. Alipofika alisimama kando ya kitanda, akamtazama mzee muda mrefu, kisha akamwambia Fundi atoke nje. Tangu hapo alikuwa amekaa pale mlangoni, na hakuthubutu kuingia, wala kuondoka.

Aliniomba niingie mimi, kwa kisingizio cha maziwa. Niliinamisha kichwa nikapita. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya moshi wa makaa. Mama, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye macho yaliyoanza kufunikwa na utando, alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda. Alikuwa ameinua kichwa cha mzee kwa mkono mmoja, na kwa mwingine alikuwa akimnywesha uji wa wimbi kwa kijiko. Mzee alimeza kwa shida, macho yakiwa kwake. Niliweka maziwa karibu na jiko. Nilimwamkia mama, nikasema, kwa kukosa la kusema, kwamba Mungu atambariki kwa kusamehe.

Hakugeuka. "Sijamsamehe," akasema. "Yeye ndiye aliyeniulia mtoto. Lakini uji ukipoa hataweza kuumeza."

Nilitoka. Fundi aliinua uso. Aliniuliza kama mama amesema sasa anaamini habari ya waya. Nikamwambia hapana. Akaniuliza basi amesema nini, nami nikamrudia maneno kama yalivyokuwa, kwa sababu sikuona mengine ya kumpa. Aliyasikiliza hadi mwisho. Akanisogezea nafasi kwenye ngazi.

Nikakaa. Kijiko kiligonga bakuli ndani, kikanyamaza, kikagonga tena. Ukungu ulianza kunyanyuka juu ya mabati, na wanawake wakapita na mitungi yao kuelekea mferejini wakitusalimu, tukawaitikia. Kijiko kiliponyamaza na kubaki kimya, Fundi alisimama, akavua kofia, akaingia kwa mama yake.